Mtu wa Katikati ya Mstari

Binamu yangu Hosea Pinkston alifika kilo mia na hamsini na tatu, na karibu zote nilimpikia mimi. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wakimzungumza Hosea hunitaja mimi kama yule aliyemharibia kazi, na hakuna anayekumbuka kwamba kwa miaka saba ndimi niliyekuwa nikimtengenezea mwili wa kufanyia kazi hiyo.

Mama zetu ni wa tumbo moja. Wa kwake, mama mkubwa Verlene, ndiye mkubwa, na wangu akafuata. Tulikulia nyumba mbili zinazotazamana huko Tolbert, Mississippi, mji wenye kiwanda kimoja cha samaki, makanisa tisa, na uwanja wa shule wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, wenye taa nyingi kuliko barabara kuu. Hosea alipokuwa na miaka kumi na minne alikuwa tayari anainama akiingia jikoni kwa mama yangu. Alikuwa na mikono laini na alipenda kudaka. Ukimrushia kitu chochote, chungwa, kiatu, funguo za gari, kilitua kiganjani mwake kama kimewekwa. Alitaka achezeshwe pembeni, mahali ambapo mtu hukimbia na kudaka mpira.

Kocha wa shule alimtazama mara moja tu. "Wewe utakaa katikati ya mstari wa ulinzi," akamwambia.

"Kocha, mimi nadaka."

"Wadakaji ninao sita. Mwili kama huo sijauona tangu nianze kazi. Kaa katikati."

Akakaa. Mimi nilicheza ubavuni mwake misimu miwili, hadi goti langu likakataa. Tangu siku ile hadi alipofika miaka thelathini na moja, hakuna aliyemhamisha Hosea kutoka mahali pale. Chuo kikuu kilimchukua kwa ajili ya nafasi hiyo, na baada ya chuo timu moja ya kulipwa, ya mji wa kaskazini wenye ziwa na upepo, ikamchukua kwa ajili ya hiyo hiyo.

Kazi yenyewe aliieleza vizuri kuliko wachambuzi wote wa televisheni, siku moja nje ya kanisa, pale Bibi Eula Crump, mwalimu wetu wa zamani wa shule ya Jumapili, alipomkamata mkono.

"Hosea, mwanangu, nasikiliza redio mchezo mzima, mbona sisikii jina lako?"

"Bibi, ukisikia jina langu ujue nimekosea."

"Sasa huko unafanya nini?"

"Nasimama pale mpira unapoanzia. Wanakuja wanaume wawili kunisukuma. Nikiwazuia wote wawili, mwenzangu aliye nyuma yangu anabaki huru, anamwangusha mwenye mpira, na jina lake linatajwa."

"Na wewe?"

"Mimi nainuka, bibi. Narudi pale pale."

Bibi Eula akafikiri kidogo. "Mbona hiyo ni kazi ya gogo," akasema, na wanawake waliomzunguka wakacheka, na Hosea akacheka nao.

Baridi ya kwanza huko kaskazini ilimla. Alipungua kilo tisa kabla ya Krismasi, na kila Alhamisi asubuhi wachezaji walipandishwa kwenye mizani. Kocha wa mstari wa ulinzi, mtu mfupi aliyeitwa Mabry, alimwambia kwamba mlango mwepesi haufungi nyumba. Hosea akanipigia simu. Wakati huo nilikuwa napika katika mkahawa wa mchana pale Tolbert, na sikuwa na mke wala mtoto.

"Erv, njoo unipikie."

"Huko hakuna wapishi?"

"Wapo. Wananipa kuku aliyechemshwa na majani mabichi. Nitakufa nikiwa mwembamba."

Nikaenda. Nilikuwa na chumba changu juu ya gereji yake, na jiko ambalo mama zetu walipoliona walikaa kimya kwa heshima. Asubuhi nilimpa mayai manane, uji mzito wa mahindi meupe wenye siagi, na soseji. Saa nne, viazi vitamu na nyama. Mchana nilimpelekea makopo matatu pale kiwanja cha mazoezi, kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi, sukuma wiki iliyopikwa na mfupa wa nguruwe. Jioni tena. Kabla ya kulala, tena. Mwaka wa kwanza tuliona raha. Mwaka wa tatu nilianza kumwona akikaa mbele ya sahani kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu.

"Nimeshiba, Erv."

"Umekula nusu."

"Nimeshiba tangu Jumanne."

"Kesho mizani."

Basi anashika uma. Sikuwahi kuona mtu akila kwa huzuni vile, tonge baada ya tonge, macho ukutani. Akizidi uzito, anatozwa faini. Akipungua, Mabry anamleta kijana mpya kusimama karibu naye mazoezini. Wachezaji wengine walikuwa na wasiwasi wa kuzeeka. Hosea alikuwa na wasiwasi wa Alhamisi.

Msimu wake wa sita alimwoa Renita, mwalimu wa hesabu, binti wa mhubiri kutoka Greenville, mwanamke asiyependa maneno mengi. Msimu wa nane ndio mkono ulianza.

Nilikuwa wa kwanza kuona. Ilikuwa Agosti, kambi ya mazoezi imekwisha, na Hosea alifungua friji akatoa jagi la maziwa kwa mkono wa kushoto. Jagi likaanguka. Akalitazama sakafuni kama aliyeangusha ni mtu mwingine.

"Maziwa yana mafuta siku hizi," akasema.

Nilipangusa. Wiki ile ile nilimkuta chumbani akipigana na kifungo cha shati. Alikuwa amevaa vizuri kwa ajili ya hafla ya timu, jasho linamtoka, na vidole vya mkono wa kushoto vinateleza juu ya kifungo kama vya mtu aliyetoka kwenye barafu.

"Nifungie," akasema, bila kuniangalia.

Nikamfungia. Kisha nikafunga mlango nikamuuliza tangu lini.

Akaniambia yote. Katika kazi yao, mtu akigongwa kichwa kikaenda upande, moto hupita kutoka shingoni hadi vidoleni. Kila mtu wa mstari anaujua. Unakaa dakika moja, mbili, halafu unaondoka. Wake ulikuwa ukiondoka, hadi msimu uliopita. Sasa ulikuwa umeacha ganzi nyuma yake, kwenye vidole vitatu, na nguvu ya kiganja ilikuwa inapungua kama betri.

"Mwambie daktari," nikasema.

"Nikimwambia, wanapiga picha ya shingo. Wakiona kitu shingoni, si goti hilo, Erv, si bega. Shingo ni mwisho. Hakuna timu itakayogusa shingo."

"Basi iwe mwisho. Umecheza miaka minane."

Akakaa kitandani, na kitanda kikalia. "Nina miaka thelathini. Nijue kufanya nini? Toka nina miaka kumi na minne nimeambiwa simama hapa." Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: "Na wewe utampikia nani?"

Niliapa kunyamaza. Sitajitetea. Niliapa kwa sababu aliniomba, na pia kwa sababu ya lile swali.

Kila mwezi mtabibu wa timu aliwapima nguvu za mikono. Aliitwa Stanczyk, mzee mwenye miwani, mtoto wa wachimba makaa, aliyewafunga wachezaji vifundo kwa bendeji miaka ishirini na minane. Kipimo kilikuwa chuma kidogo cha kuminya chenye mshale unaoonyesha namba. Hosea alinionyesha jinsi alivyofanya, kwa kutumia koleo langu la jikoni. Alilibana koleo kati ya kiganja na paja, kisha akalalia mkono kwa uzito wake wote, huku akisimulia hadithi ya kuchekesha.

"Na Stanczyk haoni?"

"Anatazama dirishani."

"Kila mara?"

"Kuna miti mizuri pale," akasema Hosea.

Mtoto wao Odessa alizaliwa Oktoba, katikati ya msimu. Nyumba ilijaa wanawake kutoka Mississippi kwa wiki mbili, mama mkubwa Verlene akaniondoa jikoni kwangu mwenyewe, na Hosea akawa mtu wa kukaa pembeni. Wote walidhani anaogopa mtoto mdogo kwa sababu ya ukubwa wake. Walimtania. Alimbeba akiwa amekaa tu, na kwa mkono wa kulia tu, na mto chini. Ukimpa mtoto akiwa amesimama, anarudi nyuma.

Wanawake walipoondoka, Renita alikuwa na nafasi ya kuangalia. Mwalimu wa hesabu haangalii jambo mara moja tu. Jumanne moja ya Novemba, siku ya mapumziko ya wachezaji, nilikuwa nakata vitunguu, Hosea yuko mezani na sahani yake, Renita akaingia na mtoto begani.

"Mshike."

"Nakula."

"Uma uko mkono wa kulia. Mshike kwa wa kushoto."

Hosea akaweka uma chini, akanyoosha mkono wa kulia.

"Wa kushoto, Hosea."

Alinyoosha mkono wa kushoto polepole, na Renita hakumpa mtoto. Alichukua kikombe tupu mezani akakiweka katika kile kiganja. Kikombe kilikaa kidogo, kikainama, kikaanguka juu ya viazi.

"Tangu lini?"

"Kidogo tu. Ni mishipa imechoka."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza tangu lini." Kisha akanigeukia mimi, na kisu changu kikasimama. "Na wewe shemeji, ulijua."

Halikuwa swali. Nikasema ndiyo.

"Watu wazima wawili," akasema. "Mnafichana ndani ya nyumba yangu kama watoto waliovunja dirisha."

Hosea akamwambia imebaki michezo sita. Mkataba wake ulikuwa unaisha msimu ule, na kama angeumaliza akiwa amesimama, timu ingempa mwingine wa miaka miwili, wa mwisho, kisha angestaafu kwa hiari yake, kama mtu.

"Kila mchezo unagongwa mara ngapi?" Renita akauliza.

"Sihesabu."

"Mimi nahesabu. Thelathini. Mara sita ni mia na themanini. Niambie ni pigo lipi kati ya hayo mia na themanini unalijua kwamba si lile litakalokuvunja shingo."

Renita akasubiri, mtoto akaanza kulia, naye akatoka naye. Nilidhani kesho yake angepiga simu. Hakupiga. Baadaye aliniambia kwa nini: alijua kwamba akipiga, mumewe angekaa naye maisha yote kwenye meza ile ile akimtazama kama mtu aliyemkata mguu. Basi naye akawa wa tatu wetu. Aliacha kwenda uwanjani. Jumapili alizima televisheni, akachemsha chupa za mtoto, akazipanga, akazichemsha tena.

Wiki zile nyumba ilikuwa ndogo. Tulipishana kwenye ngazi bila kugusana. Hosea alikuja mezani kwa wakati wake, akala alichowekewa, akasema asante. Nilitamani akatae chakula. Siku moja nilimwekea nusu makusudi. Akamaliza, akaipeleka sahani jikoni mwenyewe, akaongeza.

Mchezo wa nne katika ile sita ulikuwa nyumbani, katikati ya Desemba, mchana wenye jua lisilo na joto. Nilikuwa kwenye kiti changu, safu ya ishirini. Robo ya tatu, mpira ukaanza, Hosea akagongwa na wawili kama kawaida, na wa tatu akamwangukia nyuma ya shingo. Rundo la watu likafumuka. Wote wakainuka isipokuwa yeye.

Alilala kifudifudi. Nilimwona mtabibu Stanczyk akikimbia, mzee yule, na daktari nyuma yake. Miguu ya Hosea ilisogea, nami nikashukuru. Mikono haikusogea. Ilikuwa imelala pembeni yake, viganja juu, kama nguo zilizoanikwa zikaanguka. Watu elfu sitini walikuwa wamesimama. Nilihesabu hadi arobaini na kitu, kisha nikaona mkono wa kulia ukijikunja, halafu wa kushoto. Akainuka kwa magoti. Watu wakapiga makofi. Wakamwingiza kwenye lile hema la pembeni wanakochunguzia wachezaji, na baada ya muda akatoka, amevaa helmeti. Alirudi uwanjani. Alisimama pale pale.

Walishinda. Nilimsubiri kwenye gari chini ya uwanja. Alikuja akiwa ameoga, koti liko mabegani halikufungwa, akakaa kiti cha abiria. Akajaribu mkanda wa gari mara mbili. Niliinama nikamfungia.

"Uliwaambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba pumzi ilinikata."

"Na ilikukata?"

Tulikuwa tumeshaingia barabarani aliponijibu. "Sikuwa na mikono, Erv. Nilisikia nyasi shavuni. Nilisikia Stanczyk akiniita. Nikatafuta mikono yangu, haikuwepo." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anasimulia njia aliyopita. "Nikawaza, kama hairudi nitamwambia Renita nini."

"Inatosha sasa."

"Imebaki miwili."

"Hosea."

"Miwili tu. Usiniharibie."

Nikaendesha. Alilala kabla hatujafika, au alijifanya.

Jumatatu nilipika kama kawaida, nikapeleka makopo pale kiwanja cha mazoezi. Mlinzi wa lango alinijua, akanifungulia. Sikwenda chumba cha chakula. Nilipita ukumbi mrefu hadi chumba cha Stanczyk, nikamkuta peke yake, anakunja taulo. Aliponiona na lile kopo mkononi, alivua miwani.

"Ervin, kabla hujafungua mdomo, nisikilize. Ukiniambia jambo, nitaliandika. Nikiliandika, halifutiki, na mimi wala wewe wala yeye hatutaweza kulirudisha. Sasa, umekuja na jambo, au umekuja na chakula?"

Ningependa kusema kwamba nilijibu mara moja. Nilisimama pale nikisikia harufu ya kambare wangu. Nilifikiria jiko lile, chumba changu juu ya gereji, na mkahawa wa Tolbert ambao ulikuwa umefungwa siku nyingi. Nilifikiria namna alivyosema usiniharibie. Halafu nikaweka kopo juu ya meza yake.

"Nimekuja na vyote viwili," nikasema.

Nikamwambia yote, kuanzia jagi la maziwa. Aliandika kwa mkono, polepole, akiuliza tarehe. Nilipomaliza nikamuuliza swali langu.

"Wewe ulikuwa unatazama dirishani. Kwa nini?"

Akarudisha miwani usoni. "Kipimo kilisema mkono mzima," akasema. "Mimi huandika kinachosemwa na kipimo." Akakusanya karatasi zake. "Tangu Septemba nasubiri mtu apite mlango huo. Nenda nyumbani."

Walimpiga picha mchana ule ule. Njia ya uti wa mgongo pale shingoni ilikuwa imebanwa hadi kubaki nyembamba kama uzi, na mfupa mmoja umesogea. Daktari wa nje aliyeitwa kuitazama alimuuliza Hosea ni nani aliyempa ruhusa ya kucheza jana yake.

Alirudi nyumbani jioni, ana kola ngumu shingoni. Nilikuwa jikoni. Renita alikuwa mlangoni na mtoto.

"Nani?" Hosea akauliza.

"Mimi," nikasema.

Nilidhani atapiga kelele. Nimemwona akiinua mashine ya kukata nyasi kwa hasira. Alisimama tu, na kwa sababu ya kola hakuweza kuinamisha kichwa, kwa hiyo alinitazama moja kwa moja muda mrefu kuliko tulivyozoea kutazamana.

"Michezo miwili," akasema.

"Najua."

"Sikuomba kuokolewa na mpishi wangu."

"Mimi ni ndugu yako."

"Ndugu yangu aliniapia," akasema. "Fungasha."

Renita akamvutia Hosea kiti. Alikuwa na mume wa kuuguza. Asubuhi alinipeleka kituo cha basi yeye mwenyewe, akanikumbatia kwa mkono mmoja, na akasema, "Asante, na nisamehe." Ndivyo alivyosema, yote mawili pamoja.

Tolbert ilikuwa na habari kabla sijashuka. Mtu mmoja kituo cha mafuta aliniuliza kama ni kweli nilimuuza Hosea kwa timu. Mama mkubwa Verlene alinifungulia mlango lakini hakusogea nipite.

"Ulichofanya ningekifanya mimi kama ningekuwa na moyo wa kukifanya," akasema. "Lakini usije kula hapa Krismasi hii. Siwezi kukutazama na yeye yuko kitandani."

Nikaingia kiwanda cha samaki, kitengo cha kukata minofu. Unasimama kwenye sehemu yako, maji baridi miguuni, samaki anakuja, unakata, anakuja mwingine. Nilipata habari za Hosea kupitia mama yangu. Januari alipasuliwa shingo, wakaunganisha mifupa miwili kwa chuma. Machi timu ikamwandikia barua ya kumwacha, ya mistari minne. Hakurudi nyumbani. Alikaa kaskazini mwaka mzima na zaidi, katika mji ambao hakuwa na kazi tena, na mama alisema ni kwa sababu hakutaka watu wa Tolbert wamwone. Renita alimwambia mama kwamba kila Alhamisi Hosea alikuwa bado akiamka alfajiri na kwenda kwenye mizani ya bafuni, akasimama juu yake hadi amwite.

Walirudi Juni ya mwaka wa pili. Alinunua nyumba upande wa pili wa mji. Nilimwona kanisani kutoka nyuma. Alikuwa amepungua sana, ngozi ya shingo imelegea juu ya kovu, na alipotaka kumwangalia mtu aligeuza mabega yote. Watu walimpa mkono. Walimuuliza kama atarudi kucheza, na wengine hawakuwa wanatania. Baada ya ibada niliondoka kwa mlango wa jikoni.

Agosti, siku ya Jumamosi, gari likasimama mbele ya nyumba ya mama. Nilikuwa barazani. Hosea alishuka peke yake, akaja hadi ngazi ya kwanza, akasimama.

"Jumatatu nakwenda Jackson, hospitali. Wananidunga sindano ya shingoni, na hawamruhusu mtu aendeshe baada ya hapo. Renita anafundisha."

"Sawa."

"Renita ndiye aliyesema nije kwako. Si mimi."

"Sawa, Hosea."

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Utakunywa chai kwanza?"

Alifikiri. "Nimeambiwa nisile kitu," akasema, akaondoka.

Jumatatu nilimkuta nje ya lango anasubiri. Mwendo ni wa saa mbili, mashamba ya pamba pande zote, na tulipopita mji wa Yazoo ndipo alipofungua mdomo.

"Ningemaliza ile miwili," akasema.

"Labda."

"Nimeitazama mikanda ya video. Timu zile mbili hazikuwa na nguvu. Yule kijana waliyemweka mahali pangu alicheza yote, hakuguswa."

"Yeye si wewe."

"Ndiyo maana nakwambia. Hakuna atakayejua. Stanczyk hajui, daktari hajui, wewe hujui. Labda ningeinuka." Aligeuza mabega akatazama nje. "Na labda ungekuwa unaninawisha uso sasa. Hilo pia nalifikiria. Nafikiria moja, nafikiria jingine, kutwa nzima. Sipati pa kutokea, Erv."

Nilimwambia kwamba hata mimi, nikiwa nakata samaki, hujikuta kwenye kile chumba na lile kopo mkononi, na kuna siku katika mawazo yangu nasema nimekuja na chakula tu, naondoka.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu samaki mwingine anakuja."

Alitoa sauti puani, kitu karibu na kicheko. Akaniambia alikuwa ameanza kuendesha basi la shule wiki iliyopita. Walilazimika kukisogeza kiti nyuma na kukifunga upya, na bado tumbo lilikuwa linagusa usukani. Kupinda kushoto kulimpa shida, kwa kuwa shingo haigeuki, kwa hiyo alipanga njia nzima iwe ya kupinda kulia. Inachukua dakika kumi na tisa zaidi. Wazazi walikuwa wameshalalamika.

Hospitali ilikuwa na watu wengi. Muuguzi mwanamke alimpa karatasi ya kujaza, akamwangalia tena.

"Wewe si yule wa mpira? Baba yangu alikuwa anakutazama."

"Alikuwa ananiona?" Hosea akauliza. "Basi ana macho mazuri."

Alijaza polepole. Kwenye mstari wa kazi kalamu ilisimama muda mrefu, nikajifanya nasoma tangazo la ukutani. Mwisho akaandika dereva, akarudisha karatasi. Walipomwita jina aliinuka kwa kushika mikono yote miwili ya kiti, wa kushoto ukamsaidia kidogo. Nami nikainuka.

"Wewe kaa hapa," akasema. "Na usimwambie mtu kitu."

Sikujua kama anatania. Nilimtazama usoni nisione. Aliingia, mlango ukajifunga, nami nikakaa.